Somo limefundishwa, wanafunzi hawajashika: kosa liko wapi kwenye andalio?

Malalamiko ya walimu kuhusu vipindi vyao yanafanana sana. Kaa ofisi ya walimu ya shule yoyote ya msingi wakati wa kusahihisha madaftari, utayasikia: "Mada hii nimeifundisha wiki nzima, angalia walichoandika." "Lakini darasani walikuwa wanajibu vizuri!" "Muda hautoshi." Lawama huwaangukia watoto, au wingi wao, au uhaba wa vitabu. Mambo hayo yapo na ni mazito. Hata hivyo kuna makosa yanayozaliwa ndani ya andalio la somo kabla mwalimu hajashika chaki, na hayo tunaweza kuyarekebisha jioni hiyohiyo bila kusubiri fungu la halmashauri.

Kosa linalozaa mengine mengi, kwa maoni yangu, ni mpangilio wa kuandaa. Wengi wetu tunafungua kitabu cha kiada, tunaona ukurasa unaofuata, tunafikiria shughuli, kisha mwishoni tunajaza sehemu ya malengo na tathmini ili andalio likamilike. Inatakiwa kuanzia upande wa pili: amua kwanza mwanafunzi atoke na nini, amua utajuaje kwamba ametoka nacho, ndipo uchague shughuli. Jambo hili si geni. Ralph Tyler wa Marekani alilisisitiza mwaka 1949, na mwaka 1998 Wamarekani wenzake Grant Wiggins na Jay McTighe wakalipanga katika hatua tatu: matokeo, ushahidi, shughuli. Mihtasari ya mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, ulioanza kutumika Januari 2024, imejengwa juu ya wazo hilohilo: unaanza na umahiri mkuu, unashuka kwenye umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji, na vigezo vya upimaji vimeandikwa palepale. Safu ya vigezo ndiyo walimu wengi wanairuka, na ndiyo yenye dawa ya nusu ya matatizo yaliyomo humu.

Tafuta dalili inayofanana na yako. Sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi, kwa hiyo usirukie ya tatu kabla ya kuikagua ya kwanza. Uwe na vitu vitatu mezani: andalio la kipindi kilichokushinda, muhtasari wa somo, na madaftari kama kumi ya wanafunzi, ya wanaoweza na wasioweza.

Dalili: "Wanaitikia 'ndiyo mwalimu', wakipewa zoezi wanakosa"

Hii ndiyo inayoongoza, nami nitakaa hapa zaidi.

Sababu ya kwanza ni lengo lisiloonekana kwa macho. Fungua andalio lako usome kitenzi cha lengo. Kama ni "aelewe", "ajue" au "afahamu", umekwisha kulipata kosa. Kuelewa kunatokea kichwani mwa mtoto na wewe huwezi kukuona, kwa hiyo unabaki kupima kwa "Tumeelewana?" na darasa linajibu kwa pamoja kama lilivyozoea. Badilisha kitenzi kiwe tendo linaloacha alama kwenye daftari au linalosikika: ajumlishe, achore, alinganishe, apange, athibitishe, aeleze kwa maneno yake.

Tuchukue mfano wa sehemu, hisabati ya darasa la tano (namba ya juu ya sehemu ni kiasi, ya chini ni asili). Lengo limeandikwa: "Mwanafunzi aelewe kujumlisha sehemu zenye asili tofauti." Mwalimu anafanya mifano miwili ubaoni, anatafuta K.D.S. (kigawe kidogo cha shirika), darasa linaitikia kila hatua. Kisha anatoa zoezi: ½ + ⅓. Madaftari yanarudi na jibu moja lililoenea kama upele: 2/5. Mtoto amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Kila mwalimu wa hisabati amewahi kuliona jibu hilo, na wengi hulipiga mkasi na kuandika "rudia". Lakini litazame vizuri. Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Mtoto alianza na nusu, akaongeza theluthi, akabaki na kitu pungufu ya nusu aliyoanza nayo, na hakushtuka. Asiposhtuka, shida yake haiko kwenye K.D.S.; bado hajaiona sehemu kama ukubwa wa kitu. Kumpa mifano mingine kumi ya K.D.S. hakutamsaidia.

Sasa liandike lengo upya: "Mwanafunzi ajumlishe sehemu mbili zenye asili tofauti na aoneshe kwa mchoro kwa nini asili zinalinganishwa kwanza." Chini yake, kabla hujagusa sehemu ya shughuli, andika swali la mwisho la kipindi: "Neema anasema ½ + ⅓ = 2/5. Je, yuko sahihi? Thibitisha kwa mchoro." Ukiwa na swali hilo mkononi, shughuli inajichagua yenyewe. Kila mtoto anakata kipande kirefu cha karatasi ya daftari la zamani, anakikunja katika mafungu sita yaliyo sawa, anatia rangi mafungu matatu, yaani nusu, kisha mawili, yaani theluthi. Anahesabu matano ya sita. Analinganisha na mbili ya tano ya Neema, na hapo ndipo ule mshtuko unapokuja. K.D.S. ikiingia sasa, ina kazi: ndiyo inayotuambia karatasi ikunjwe katika mafungu mangapi.

Sababu ya pili: maswali ya kuitikia kwa pamoja. Sauti za watoto kumi wanaojua zinawafunika themanini wasiojua. Jaribu hivi kipindi kijacho: uliza swali, toa ukimya wa kuhesabu hadi kumi, kila mtu aandike jibu kwa herufi kubwa mgongoni mwa daftari, kisha wote wainue kwa pamoja. Kwa mtazamo mmoja utajua kama unaendelea au unarudi. Haigharimu kitu.

Sababu ya tatu hutokea mara chache zaidi, lakini ikitokea huwezi kuitibu kwa mbinu za hapo juu: wanafunzi hawana msingi wa mada iliyotangulia. Asiyejua kuzidisha hatapata K.D.S. hata umpe karatasi za kukunja mwaka mzima. Ipime kwa maswali matatu ya mada ya nyuma, dakika tano za mwanzo wa kipindi.

Simama hapa: zaidi ya nusu ya darasa wakikosa maswali hayo matatu, usiendelee na mada mpya. Mpelekee mwalimu wa taaluma madaftari, mkubaliane wapi pa kurudi na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula au mwaka, libadilishwe vipi. Kulibadilisha kimyakimya kutakuletea shida kwa wathibiti ubora wa shule, na mwalimu atakayelipokea darasa mwakani hatajua kilichoachwa.

Dalili: "Kipindi kilichangamka, lakini hakuna kilichobaki"

Hii huwauma walimu wenye bidii kuliko wote, maana wamejituma. Vikundi vilikaa, manila zilichorwa, watoto waliwasilisha, hata mwalimu mkuu akapita akafurahi. Wiki moja baadaye unauliza swali jepesi na darasa linakukodolea macho.

Karibu kila mara sababu ni moja: shughuli ilitangulia lengo. Mwalimu wa sayansi anaamua, "Leo tutachora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula." Kuchora ndiko kumekuwa lengo. Watoto wanatumia dakika 30 kati ya 40 kupaka rangi ini na kugombea kalamu ya wino mzito, na mchoro unatoka mzuri. Kilichokuwa vichwani mwao muda wote huo ni rangi.

Kipimo chake ni cha swali moja. Mwendee mtoto yeyote katikati ya shughuli, umwulize kwa sauti ya kawaida: "Unafanya nini, na kitakusaidia kujua nini?" Akijibu nusu ya kwanza tu ("Nachora utumbo"), shughuli yako imekosa mwelekeo. Usimlaumu mtoto.

Marekebisho hayahitaji kuitupa shughuli. Andika kwanza ushahidi unaoutaka: "Mwanafunzi aeleze safari ya tonge la ugali kutoka mdomoni hadi utumbo mpana, akitaja linalotokea katika kila kituo." Mdomoni meno yanasaga na mate yanaanza kuvunja wanga, tumboni protini inaanza kumeng'enywa, kwenye utumbo mwembamba mmeng'enyo unakamilika na virutubisho vinafyonzwa, kwenye utumbo mpana yanafyonzwa maji. Mchoro sasa unakuwa wa mistari mitupu, wa dakika tano, bila rangi, na muda uliobaki ni wa wanafunzi wawili wawili kusimuliana safari hiyo huku kidole kikitembea juu ya mchoro. Mmoja akikwama, mwenzake anashika pale. Hapo mchoro unafanya kazi uliyoutakia.

Sababu nyingine, isiyo ya kawaida sana: kazi ya kikundi inafanywa na mtoto mmoja. Kama vikundi vyako vina watoto wanane na kalamu moja, saba ni watazamaji. Punguza ukubwa wa kikundi, na ushahidi wa mwisho utoke kwa kila mmoja peke yake hata kama ni sentensi moja.

Dalili: "Wanataja vizuri, kutenda hawawezi"

Mfano wa wazi ni barua rasmi kwenye Kiswahili. Waulize sehemu za barua, watazimimina: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, mtajo, kichwa cha barua, kiini, hitimisho, saini, jina. Waambie waandike barua ya kumwomba mwenyekiti wa kijiji ruhusa ya kutumia uwanja kwa michezo, unapata anwani zilizokaa sawasawa, "YAH:" imepigiwa mstari, na chini yake mistari miwili ya salamu za shangazi.

Kagua kwanza kama tathmini yako inalingana na umahiri uliotajwa kwenye muhtasari. Muhtasari ukidai mwanafunzi *aandike*, na jaribio lako linamtaka *ataje*, basi umepima kitu kingine na watoto wamefaulu kitu hicho kingine. Soma kitenzi cha muhtasari na kitenzi cha swali lako kwa pamoja. Visipofanana, badilisha swali.

Likiwa sawa hilo, tazama muda. Je, wanafunzi waliandika barua nzima mara ngapi kabla ya kupimwa? Kama jibu ni "hii ndiyo ya kwanza", tatizo umelipata. Ikibidi, toa kipindi kimoja cha maelezo ukiweke kwenye kuandika, kusomeana na kuandika upya.

Kwa walimu wa kidato cha kwanza dalili hii ina sura yake. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anaacha karatasi ya Baiolojia nyeupe. Usikimbilie kusema hajui. Lengo lako moja lina malengo mawili ndani yake: ajue jambo, na alieleze kwa Kiingereza. Mwulize jambo hilohilo kwa Kiswahili, kwa mdomo. Akilieleza, unajua sasa kwamba kinachomshinda ni lugha, na andalio la kesho liwe na maneno manane hadi kumi ya Kiingereza na mianzo ya sentensi za kujazia. Asipolieleza, rudi kwenye mada yenyewe.

Dalili: "Kipindi kinaisha katikati ya somo"

Hesabu malengo. Kipindi cha dakika 40 kinabeba lengo moja, mawili kwa shida. Matatu ni kujidanganya.

Ukikuta lengo ni moja na muda bado unakwisha, pima dakika za kuandika ubaoni na za watoto kunakili. Mara nyingi huko ndiko theluthi ya kipindi inakoishia. Halafu angalia utangulizi. Utangulizi wa dakika tano ulioota mizizi hadi kumi na tano ni jambo la kila siku, hasa mwalimu anapofurahia kisa anachosimulia.

Kinga iliyo rahisi: swali la mwisho lipewe muda wake tangu kwenye andalio, dakika saba au nane, na kengele ya moyoni ikulie muda huo ukifika hata kama hujamaliza maelezo. Ni afadhali kugundua saa hiyo kwamba hawajashika kuliko kumaliza maelezo na usijue.

Dalili: "Muhtasari haumaliziki, mtihani unakaribia"

Chukua kalenda ya shule na uhesabu vipindi halisi. Azimio la kazi likisema una wiki 18 za vipindi vitano, hizo ni 90. Toa wiki za mitihani ya nusu muhula na ya mwisho, sikukuu, siku za UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) kama shule yako inapeleka timu, na siku za mvua kubwa zinazokata njia. Huenda ukabaki na 70. Ukipanga kwa 90, umechelewa tangu siku ya kwanza.

Sababu inayofuata ndiyo yenye uzito zaidi: kila mada imepewa uzito sawa. Hapa Wiggins na McTighe wanasaidia kweli. Yagawe yaliyomo katika mafungu matatu. La kwanza ni yale ambayo mwanafunzi akiyakosa atakwama mwaka kesho; haya yapate vipindi vingi na upimaji wa zaidi ya mara moja. La pili ni stadi na maarifa muhimu yanayoyabeba yale ya kwanza. La tatu ni yale ya kuyafahamu tu, ambayo kusoma kitabuni na maswali mafupi ya nyumbani yanatosha. Katika sehemu, kuelewa kwamba asili inataja ukubwa wa kipande ni fungu la kwanza. Kutafuta K.D.S. ni la pili.

Simama hapa: usifute mada yoyote ya muhtasari kwa uamuzi wako mwenyewe. Kugawa uzito unaruhusiwa, kufuta si kazi ya mwalimu mmoja. Kaeni idara nzima, au kwenye jumuiya yenu ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), mkubaliane, kisha mwalimu wa taaluma aidhinishe kwa maandishi.

Dalili: "Andalio liko safi, darasani silitumii"

Sababu ni kwamba limeandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Limenakiliwa la mwaka jana au la rafiki wa shule nyingine, na malengo yake hayawahusu watoto hawa. Sitawalaumu walimu wenye vipindi zaidi ya 30 kwa wiki, kuandika andalio kamili kila siku ni mzigo. Ila kama una dakika kumi tu, zitumie kwenye mistari miwili: tendo ambalo mwanafunzi atalifanya mwishoni, na swali litakalolionesha. Jedwali la hatua lijazwe baadaye. Na ile sehemu ya tathmini baada ya kipindi usiandike "somo limeeleweka". Andika "38 kati ya 61 wamepata, waliokosa wamejumlisha asili." Sentensi hiyo ndiyo utangulizi wa kesho.

Dalili: "Watoto walewale wanabaki nyuma kila kipindi"

Ukiwa umerekebisha lengo, swali la mwisho na shughuli, na darasa kubwa limepanda, wale wachache waliobaki walewale wanahitaji jicho lingine. Anza na yaliyo mepesi. Mhamishie mtoto dawati la mbele kwa wiki moja. Mwombe asome ubaoni akiwa karibu, kisha akiwa mbali, uone kama anakunja uso au anainakili kazi ya jirani. Mwite kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake. Angalia mahudhurio yake, na kama anafika bila kula.

Halafu mpe aya fupi ya darasa la pili aisome kwa sauti, mkiwa wawili tu. Mtoto wa darasa la tano asiyemudu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hataokolewa na andalio zuri la sehemu wala la barua. Anahitaji programu ya kurudishwa kwenye kusoma na kuhesabu, yenye ratiba na mwalimu wake, na hilo hupangwa na uongozi wa shule.

Hapa simama kabisa na uite wengine. Macho au masikio yakitiliwa shaka, zungumza na mzazi mtoto apelekwe kituo cha afya. Usimwadhibu kwa uvivu wakati haoni ubao. Ukishuku ugumu wa kujifunza wa kudumu, mtafute mwalimu wa elimu maalumu kupitia ofisi ya elimu ya kata au wilaya, wala usimpachike mtoto jina la ugonjwa wewe mwenyewe. Ukiona alama za kipigo, njaa ya kila siku, au mtoto aliyebadilika ghafla na kunyamaza, usimhoji mbele ya wenzake na usimwendee mtuhumiwa. Mwone mwalimu wa ushauri na unasihi au mwalimu mkuu siku hiyohiyo, nao wawasiliane na ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Simu ya msaada kwa mtoto Tanzania ni 116. Katika yote hayo, weka kumbukumbu: tarehe, ulichokiona, ulichojaribu na kilichotokea, bila kuongeza dhana zako. Atakayempokea mtoto huyo atakuuliza hayo kabla ya jambo lingine lolote.